Damu Haipimwi kwa Debe

Muhula wa pili wa mwaka jana nilialikwa na shule moja ya sekondari ya wasichana katika kaunti ya Makueni, mwendo mfupi kutoka mji wa Wote, niwazungumzie watahiniwa kuhusu sarufi na uandishi wa insha. Nilizungumza saa nzima juu ya ngeli na vitenzi, kisha, kama ilivyo ada, nikawapa wanafunzi nafasi ya kuuliza maswali. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akasimama nyuma kabisa ya ukumbi. "Mwalimu," akasema, "mtu anayetembea kwa miguu yake miwili akiambiwa kwamba damu yake haitoshi, haitoshi kwa nini? Haimtoshi yeye mwenyewe, au haitoshi kugawia wengine?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami, pasi na kujua kilichochekwa, nikalichukua swali hilo kuwa la sarufi. Nikaeleza kwa madaha kwamba kitenzi "tosha" hakijitoshelezi chenyewe, kwamba sharti msikilizaji ajue kinachotosha kinamtosha nani na kwa shughuli gani, na kwamba sentensi ikinyimwa muktadha wake hubaki ikining'inia. Msichana akashukuru, akaketi. Nilidhani nimejibu.

Ni baadaye, tulipokuwa tukinywa chai katika chumba cha walimu, ndipo mwalimu wa Kiswahili, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, aliponisimulia kisa chenyewe. Juma lililotangulia wahudumu wa kukusanya damu walikuwa wamezuru shule hiyo. Wasomaji wengi wanafahamu kwamba wanafunzi wetu wa sekondari wamekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa damu inayotumiwa hospitalini nchini Kenya. Kabla ya mtu kuruhusiwa kutoa damu hudungwa kidole, na tone lake likapimwa, kwani mchangiaji hutakiwa awe na angalau gramu 12.5 za hemoglobini katika kila desilita ya damu. Tone la binti huyu lilidondoshwa katika kichupa cha maji ya buluu yenye chumvi ya shaba. Tone zito huzama. Lake likaelea. Mhudumu, aliyekuwa na foleni ndefu mbele yake, akamwambia: "Damu yako haitoshi. Nenda ukapimwe."

Wenzake waliokuwa foleni walisikia neno moja tu katika sentensi hizo mbili. Kufikia jioni ya siku hiyo, yule aliyekuwa akiketi naye dawati moja alikuwa amehamia dawati jingine.

Nilirudi nyumbani nimefadhaika. Mimi ni daktari wa maneno, si wa miili, lakini mkasa huu ulikuwa wa maneno mwanzo hadi mwisho, na nilikuwa nimeupita kama mtu apitaye mgonjwa njiani akihesabu nyayo zake.

Hebu tulitazame hilo neno "kupimwa". Kamusi yoyote itatwambia kwamba kupima ni kutafuta kiasi cha kitu: urefu wa shamba, uzito wa gunia, joto la mwili. Katika Kenya ya leo, hata hivyo, kitenzi hiki kikisemwa katika hali ya kutendwa na bila yambwa, husikika kwa maana moja. Kisa cha kwanza cha UKIMWI nchini kilitambuliwa mwaka 1984. Mwaka 1999 ugonjwa huo ukatangazwa kuwa janga la kitaifa, na tangu mwaka 2001 vituo vya ushauri na upimaji vikaenea kutoka mijini hadi vijijini. Ulikuwa wito wa lazima, nao umeokoa maisha ya watu wengi. Lakini wito ukirudiwa kwa miaka ishirini na zaidi huacha alama katika lugha. "Umepimwa?" likawa swali lisilohitaji kukamilishwa. "Kupimwa damu" kukafinyika maana hadi kukawa ni kupimwa virusi, na "kupatikana" kukawa ni kupatikana navyo. Waama, hakuna haja ya mtu kutengwa hata kama ndivyo vipimo alivyofanyiwa. Anayehama dawati kwa sababu hiyo ana ujinga wake wa kuponywa. Ninalolisema hapa ni kwamba vipimo vya aina nyingine vyote vimelazimika kupita chini ya kivuli cha kile kimoja, na watu wasiokitaka wamevikimbia vyote.

Tuje sasa kwenye nusu ya pili ya mkasa, hiyo damu isiyotosha.

Twasema "upungufu wa damu", na wengine husema "ukosefu wa damu" au "kuishiwa na damu". Misemo yote mitatu humfanya msikilizaji aione damu kama maji mtungini: yamepungua, yaongezwe. Sisi Wakamba, ambao tumezaliwa katika nchi ambayo mtungi ukipungua si jambo la mzaha, twaiona picha hiyo upesi kuliko wengine. Ndiyo maana mgonjwa hushauriwa anywe, tena anywe kitu chekundu: juisi ya kiazi kile chekundu kiitwacho bitiruti, sharubati ya dukani, hata soda ya rangi ya damu. Kana kwamba wekundu hupita mdomoni ukaingia mishipani bila kubadilika!

Ukweli ni kwamba mtu mwenye ugonjwa huu aghalabu ana damu nyingi kama wewe nami, lita tano hivi kwa mtu mzima. Kilichopungua ni kile kilichomo ndani yake. Katika kila chembe nyekundu ya damu mna protini iitwayo hemoglobini, na ndani ya hemoglobini mna madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachoishika hewa safi ya oksijeni mapafuni na kuipeleka kwenye ubongo na misuli. Mwili mzima wa mtu una gramu tatu au nne tu za chuma, uzito wa msumari mdogo. Chembe nyekundu nayo huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa na chuma chake kutumiwa upya, huku nyingine zikitengenezwa katika uboho wa mifupa. Chuma kinapokosekana chembe mpya hutoka ndogo na zilizopauka. Damu ipo, inazunguka, lakini inazunguka ikiwa mikono mitupu. Mwenye damu hiyo huchoka akipanda ngazi, moyo humdunda, kichwa humwanga, na akiketi darasani alasiri husinzia. Mwalimu humwita mvivu.

Si sisi peke yetu tuliopotoshwa na jina. Neno "anemia" lenyewe ni la Kigiriki, na maana yake ni kuwa pasi na damu. Wagiriki nao waliona mtungi mtupu. Madaktari wa Ulaya kwa karne kadhaa waliwaita wasichana waliopauka wagonjwa wa ukijani, wakidai kwamba dawa yao ni kuolewa, mpaka daktari mmoja Mfaransa, Pierre Blaud, alipotangaza vidonge vyake vya chuma mwaka 1832. Wazee wa pwani, kwa upande wao, walikuwa na neno "safura", lililotoka katika Kiarabu na lenye asili ya rangi ya njano. Lilitumiwa kwa mtu aliyepauka na kuvimba, na hatimaye likawa jina la ugonjwa uletwao na minyoo inayonyonya damu matumboni. Neno hilo zuri tumeliacha lizeeke makamusini. Lilikuwa limeshika jambo ambalo "upungufu wa damu" umeliachilia, yaani kwamba dalili ya kwanza ni rangi.

Ilitokea kwamba kutoka Makueni nilikuwa na safari ya kwenda kumwona dada yangu mdogo upande wa Mutomo, kusini mwa Kitui. Nilipitia Kibwezi nikaishika ile barabara ya lami inayovuka mto Athi. Dada alikuwa na mimba ya miezi sita. Nikamwomba anionyeshe kijitabu chake cha kliniki, jambo ambalo kaka huwa haulizi, naye akacheka kabla ya kunipa. Katika ukurasa wa vipimo, mbele ya herufi mbili "Hb", palikuwa pameandikwa kwa kalamu 8.9. Nikamwuliza kama alielezwa maana ya nambari hiyo. "Niliambiwa nile vizuri," akasema. Vidonge vya chuma alikuwa amepewa, akavimeza siku tisa, akaviacha. Kwa nini? Kwa sababu choo chake kiligeuka cheusi, naye akahofia kwamba damu inaoza na kutoka. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba weusi huo ni wa chuma ambacho utumbo haukukifyonza, na kwamba hauna madhara.

Herufi mbili na nambari moja! Mjamzito anahitaji angalau gramu 11 katika desilita, ingawa katika miezi ya kati ya mimba Shirika la Afya Duniani sasa hukubali 10.5. Mwenye 8.9 akivuja damu wakati wa kujifungua hana akiba. Nambari hiyo ilikuwa imelala katika mfuko wa plastiki juu ya kabati kwa majuma sita, imeandikwa kwa mwandiko safi, haijasomwa na yeyote aliyehusika nayo. Nimesahihisha tasnifu nyingi katika maisha yangu. Sijapata kuona maandishi yenye uzito kiasi hicho yakiwa na msomaji mchache kiasi hicho.

Dada alirejea kliniki kesho yake. Lakini jirani yake, mjamzito vilevile, alikataa kufuatana naye. Alisema mumewe hataki "mambo ya kupimwa damu".

Wala dada yangu na jirani yake si wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa virutubisho uliofanywa mwaka 2011 ulionyesha kwamba asilimia 41.6 ya wajawazito nchini walikuwa na upungufu huu, na miongoni mwa watoto ambao hawajafikia umri wa shule ni asilimia 26.3. Katika kila wajawazito watano, wawili.

Huko Mutomo jioni tulikula isyo, tukateremshia kwa chai ya maziwa, kama tulivyolelewa. Nilikuwa nimeanza kusoma mambo haya, na mlo huo ukanikaa kooni. Ukambani si nchi isiyo na chuma. Ndengu za Kitui huuzwa hadi ng'ambo. Kunde na majani yake, mbaazi na maharagwe ndicho chakula chetu cha kila siku, na vyote vina chuma. Tatizo ni kwamba chuma cha mimea ni kigumu kufyonzwa. Kemikali zilizomo ndani ya mbegu zenyewe hukishika kisiachie, na chai inayonywewa pamoja na chakula huweza kukipunguza kwa zaidi ya nusu. Kinachokifungua ni vitamini ya matunda machachu. Nako Makueni, ng'ambo ya mto, machungwa na maembe huzaa mpaka yakaozea mashambani msimu ukiwa mzuri! Mama huyapakia yote magunia apate karo, kisha huwakaribisha wanawe kwa ndengu na chai. Chungwa moja likiliwa na mlo, chai ikangoja saa moja, na mbegu zikalowekwa usiku kucha kabla ya kutiwa chunguni: hayo hayahitaji mfadhili. Nyama na maini yana chuma kinachofyonzwa kwa urahisi zaidi, lakini sitaki kumhubiria nyama mtu ambaye ng'ombe wake walikufa katika kiangazi kile cha kuanzia mwaka 2020 hadi 2022, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotunga sheria Nairobi hulisahau. Tangu mwaka 2012 unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti unatakiwa kisheria utiwe chuma na virutubisho vingine. Ni sheria njema. Lakini mkulima wa Zombe au Kathonzweni hupeleka debe lake la mahindi kwenye kisiagi cha sokoni, na kisiagi hakitii chochote. Sheria ikampita.

Wala chakula si chanzo pekee, na hapa ndipo umuhimu wa kupima unapojitokeza. Msichana anayepata hedhi nzito huweza kula ndengu kutwa na bado akapungukiwa. Malaria huvunja chembe nyekundu. Kichocho na minyoo huzimwaga kidogo kidogo. Maradhi ya kurithi ya chembe mundu yapo pia, ingawa mizizi yake mikuu ni upande wa magharibi na pwani. Na Kitui ina kisa chake yenyewe ambacho vijana hawakijui. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kaskazini mwa wilaya hiyo kulizuka kala-azar, ugonjwa wenye jina la Kihindi lenye maana ya ugonjwa mweusi, uenezwao na usubi wanaojificha katika vichuguu. Homa hukaa majuma mengi, wengu huvimba mpaka tumbo likasimama, na damu hupauka. Ungali unaonekana katika sehemu hizo kavu hata sasa. Mtoto wa namna hiyo ukimpa vidonge vya chuma na kumrudisha nyumbani umemrudisha kufa. Kwa hiyo nambari ya hemoglobini haisemi mtu anaugua nini. Husema tu kwamba kuna la kutafutwa, na mtabibu mwema huendelea kutafuta: kwa darubini, kwa choo, kwa swali kuhusu hedhi ambalo wengi huona haya kuliuliza.

Kabla ya kuandika makala haya niliona ni unafiki kuwahimiza wengine kwa jambo nisilolifanya. Nikaenda kwenye maabara ya hospitali moja ya umma. Mhudumu akanishika kidole cha pete, akakipangusa kwa spiriti, akadunga. Uchungu ni wa mwiba wa mgunga, tena ule mdogo. Tone la kwanza akalifuta, la pili akalivutia katika kibao chembamba, akakitia kwenye kijimashine kinachoenea kiganjani. Hatukumaliza hata dakika moja. Akaniuliza mimi ni daktari wa nini, nikamwambia wa maneno. "Basi andika," akasema, "kwamba hiki si kile." Nambari yangu ilikuwa 14.1, mwanamume hutakiwa asipungue 13, na mwanamke asiye mjamzito 12. Nikamwuliza huwaambiaje wagonjwa. Akajibu kwamba husema "tunaangalia nguvu ya damu", kwa sababu akisema "tunapima" wengine huondoka.

Nguvu ya damu. Tafsiri ya kisayansi haingeikubali, lakini nilivua kofia.

Walimu watanisamehe nikiwageukia, maana wao humwona mtoto saa nyingi kuliko mzazi. Mnalalamika kwamba chaki huisha kabla ya juma kuisha. Chunguzeni nani anazila. Hamu ya kula chaki, udongo au mchele mbichi mara nyingi huandamana na ukosefu wa chuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu wajawazito wa Kilifi uliona kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakila udongo, na walaji udongo ndio waliokuwa na chuma kidogo zaidi. Mnamwadhibu mtoto kwa wizi na uchafu, kumbe ametaja ugonjwa wake kwa lugha aliyo nayo. Vuteni chini ukope wa chini mtazame ndani: ukiwa mweupe badala ya mwekundu, barua ya kwenda zahanati iandikwe siku hiyo hiyo. Ukiwa mwekundu msijipe hakika, kwani jicho huona upungufu mkubwa na kuupita ule mdogo. Na barua hiyo iandikwe kwa ukamilifu: "apimwe kiwango cha hemoglobini". Msiandike "apimwe damu", na wala msimtangazie gwarideni.

Kwa yule msichana wa kidato cha tatu nilikuwa na deni la jibu. Nikamwandikia kurasa mbili, nikampitishia mwalimu wake, nikimwomba radhi kwa mhadhara wangu juu ya kitenzi "tosha". Mamake alimpeleka hospitalini likizo ilipofika. Hemoglobini yake ilikuwa 9.6. Minyoo haikuonekana, wala malaria. Chanzo kilikuwa hedhi nzito na chakula kisichofidia. Baada ya miezi mitatu ya vidonge ilikuwa 11.8, na akaambiwa aendelee. Dada yangu naye alijifungua mtoto wa kike mwezi wa Novemba, wakarudi nyumbani wote wawili.

Majibu ya msichana yalinifikia mwezi uliopita, yameandikwa kwenye karatasi mbili za daftari. Anasema amelifikiria lile jina, na haoni sababu ya kuendelea kusema "upungufu wa damu" ilhali damu haijapungua. Anapendekeza "upungufu wa wekundu". Kisha akaongeza, kwa adabu, kwamba mimi ndiye mtaalamu na huenda pana kanuni anayoivunja. Nimeipekua sarufi yangu sioni kanuni aliyoivunja, na nimelinakili pendekezo lake katika kitabu changu cha istilahi. Kuhusu yule mwenzake wa dawati, barua haikusema lolote.